Majani ya miti kwa ajili ya bustani: mwaka huu niliyafukia mchicha ukageuka njano, winta hii nifanyeje?

MamaNeema_StPaul (12 Oktoba)

Habari zenu wapenzi wa bustani. Nipo St. Paul, Minnesota, huu mwaka wa nne nalima kipande nyuma ya nyumba, futi 12 kwa 20 tu lakini toka mwezi wa sita mpaka baridi ije kukata kila kitu kinatupa mchicha, sukuma, mnavu na matembele, mboga za majani dukani hatununui. Shida yangu ni udongo. Ni mfinyanzi mtupu, nadhani waliojenga nyumba waliuchimbua huko chini wakauacha juu, ukilowa unaganda kwenye sepetu mpaka uukwangue na kijiti, ukikauka unapasuka nyufa ambazo kidole kinaingia.

Watu wakaniambia tumia majani ya miti, ni bure na yako kila mahali. Nikasema sawa. Mwezi wa tano nikachukua majani yaliyokuwa yamelala pembeni ya ua tangu winta, kama magunia sita hivi, nikayafukia mazima mazima kwa jembe na siku ileile nikamwaga mbegu za mchicha juu yake. Ukaota vizuri tu, ukafika urefu wa kidole cha kati, ukasimama hapohapo. Majani ya chini yakaanza kupauka yakawa njano, mimi nikajua ni kiu nikazidisha maji, ndo nikazidi kuharibu. Mwezi wa saba nikafukua sehemu moja nione kuna nini, nikayakuta majani yako vilevile, yameshikana kama kurasa za daftari lililoloa, ukiyabandua chini yake udongo ni wa kijivu unanuka kama mtaro. Msimu mzima tukala mchicha wa kununua. Roho iliniuma kwa kweli.

Sasa majani ndo yanaanguka tena. Jirani yangu ni mzee ana miti mitatu mikubwa, miwili ni mepo, ile yenye jani la kwenye bendera ya Kanada, na mmoja mwaloni, ananiambia chukua yote binti yangu unanisaidia mgongo. Nimeshajaza mifuko 18 ya karatasi ipo gereji. Mume wangu anasema tuipakie kwenye gari tuipeleke kituo cha kaunti kinachopokea majani tuachane na hii habari. Mi sitaki, maana naona ni mali hii inaondoka. Lakini naogopa kurudia kosa. Je, ni asidi ya majani ndo iliua mchicha? Nifukie sasa hivi kabla udongo haujaganda au niache juu? Na huo mwaloni nasikia haufai, kweli?

Kihamba_Columbus (12 Oktoba)

Pole sana dada. Sio asidi, na majani hayana kosa, kosa ni kuyafukia mwezi wa tano yakiwa mazima afu ukapanda papo hapo.

Iko hivi. Mti kabla haujaangusha jani unavuta kwanza naitrojeni yake, sehemu kubwa unairudisha ndani kwenye matawi, na ule ukijani ndo unapotea hapo. Kwa hiyo kinachokufikia wewe chini ni kaboni nyingi na naitrojeni kiduchu, kwa majani makavu inakuwa kama sehemu 40 mpaka 80 za kaboni kwa moja ya naitrojeni kutegemea na mti, mwaloni uko kwenye 60 huko. Vijidudu vinavyoozesha vinataka kama 25 mpaka 30 kwa moja. Sasa umevipa kazi ya magunia sita chini ya ardhi, naitrojeni ya kufanyia kazi hiyo haipo kwenye majani, vitaitoa wapi? Kwenye udongo, palepale mizizi ya mchicha inapokula. Ni kama umeita watu mia kwenye shughuli, wali umejaa masufuria lakini kitoweo hakuna, wataingia ndani wale mpaka kile ulichowawekea watoto. Na ile njano kuanzia majani ya chini ndo dalili yenyewe, mmea ukikosa naitrojeni unaitoa kwenye jani la zamani unaipeleka kwenye jani changa. Vile vijidudu vikija kufa naitrojeni inarudi udongoni, haijapotea, ila msimu wa Minnesota ni mfupi hausubiri.

Halafu kwa vile yalikuwa mazima yakalaliana, hewa ikakosa pa kupita, ukaongeza na maji juu, ndo hiyo harufu ya mtaro.

Mimi nimezaliwa Marangu, na kihambani kwetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, sikumbuki hata siku moja kumwona bibi anafukia majani ya mgomba. Yanakatwa, yanalazwa juu chini ya migomba na kahawa, yanaozea hapohapo na udongo unayachukua yenyewe kidogo kidogo kutokea juu. Ukiyalaza juu, vijidudu vinagusana na ngozi ya juu tu ya udongo, huko chini kwenye mizizi hakuna anayeibiwa. Kwa hiyo usifukie. Laza.

Lakini yasage kwanza. Yamwage kwenye nyasi yakiwa makavu, pitisha mashine ya kukatia nyasi mara mbili mpaka vipande viwe kama sarafu, na ukikata na nyasi za mwisho za msimu humohumo ndo vizuri zaidi maana nyasi mbichi zina naitrojeni. Utashangaa, mifuko kumi inakuwa miwili, na vipande haviwezi kulaliana kama kurasa. Tandaza inchi 3 au 4, mwagia maji yalowe kabisa, afu weka wavu wa kuku au matawi juu upepo usirudishe kwa jirani.

Mwaloni hauna shida, unaoza taratibu tu kwa sababu ya tanini na lignini, vitu vya ndani ya jani ambavyo vijidudu vinachelewa kuvila, na ikishaoza hiyo asidi haipo tena ya kukutisha. Mti wa kuogopa ni wolnati nyeusi, ule unaoangusha matunda ya kijani kama mipira ya tenisi, ganda likipasuka linapaka mikono rangi nyeusi haitoki wiki nzima. Huku Ohio imejaa. Una kitu kinaitwa jugloni, nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo havielewani nacho kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda nyanya futi 30 hivi kutoka kwenye mti huo, na bado nikazitandazia majani yake. Mchana zinalala kama zimemwagiwa maji ya moto, jioni zinainuka kidogo, siku ya nne haziinuki tena. Nikang'oa miche yote. Kwa hiyo angalia mifuko yako, jani la wolnati ni kikonyo kirefu kimoja chenye vijani vidogo vingi vimepangana pande mbili.

ShangaziRehema_Leicester (13 Oktoba)

Assalam aleikum Mama Neema. Mwanangu huyo kaka kasema kweli, lakini mimi ninaongeza njia nyingine ambayo huku Uingereza tunaifanya sana na hutaki mashine wala nguvu, unataka subira tu.

Majani hayaozi kama maganda ya jikoni. Maganda yanaozeshwa na bakteria kwa joto, lakini majani haya makavu kazi kubwa ni ya kuvu, polepole, kwenye baridi na unyevu. Kwa hiyo ukiyakusanya mahali pamoja yakiwa yamelowa ukaacha, hata hayatapata moto, ila baada ya mwaka mmoja kama umeyasaga, au miwili kama ni mazima, unapata kitu cheusi chepesi, ukikikamata mkononi kinabonyea kama sponji, na harufu yake ni ya msitu baada ya mvua. Mimi nikipandia mbegu za bamia na pilipili kwenye vikopo dirishani mwezi wa tatu natumia hicho, nachekecha kwa ungo wa waya. Mbolea yenyewe haimo nyingi, usikitegemee kulisha mmea, kazi yake ni kushika maji na kulainisha udongo. Kwa mfinyanzi wako hicho ndicho dawa.

Namna ninavyofanya: nguzo nne za mti, nazungusha wavu wa kuku, namwaga majani ndani nayakanyaga, namwagia maji. Basi. Kama nafasi hakuna, mifuko ya plastiki nyeusi, toboa matundu na uma, majani yawe yamelowa, funga, weka nyuma ya banda, usahau. Kosa la watu wengi ni kuweka majani makavu, wakirudi baada ya mwaka wanayakuta yaleyale.

Juu ya kutandaza kitandani, mimi niliacha. Huku winta haigandishi ardhi kwa kina, mvua tu kila siku, kwa hiyo minyoo inafanya kazi mpaka Januari. Asubuhi ukitoka unaona jani limesimama wima, kikonyo juu, ncha imevutwa ndani ya shimo. Raha kuangalia. Lakini konokono nao wasio na magamba wanajaa humo chini, na ikifika Machi miche ikitoka wanaimaliza kwa usiku mmoja. Nilipoteza sukuma miche 24 hivyo. Sasa wewe huko kwenye barafu sijui kama wanakusumbua.

SukumaMpls (13 Oktoba)

Shangazi, shikamoo. Konokono wako hata huku, ila sio vile wako kwenu. Mimi niko ng'ambo ya mto hapa Minneapolis, mwaka wa tisa na shamba kidogo, kwa hiyo dada Mama Neema hali yako naijua, baridi ni ileile.

Kitu cha kwanza ujue winta ya huku kuoza kunasimama kabisa. Kuanzia Desemba mpaka Machi udongo umeganda futi tatu au zaidi kwenda chini, hakuna kijidudu kinafanya kazi, kwa hiyo usitarajie April ukute mboji. Lakini winta haipotei bure. Maji yaliyo ndani ya jani yakiganda yanapanuka yanapasua jani, yakiyeyuka yanaganda tena, na ule mfinyanzi nao unavunjwavunjwa hivyohivyo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla ya kuganda, na April ikiyeyuka, hapo ndo kazi inafanyika. Ndo maana ninakuambia tandaza sasa, wiki hii au ijayo, udongo bado una joto, usingoje Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba.

Kitu cha pili na hapa ndo watu wa huku wanakosea: majani yakikaa juu mpaka Mei yanafanya udongo ubaki baridi. Ni blanketi, na blanketi halijui kama nje ni winta au ni jua. Mchicha na managu (huo mnavu wako) ni watu wa joto, ukipanda kwenye udongo baridi mbegu inaoza. Kwa hiyo mwisho wa April sukuma majani yote kando na reki, acha udongo upigwe na jua wiki mbili tatu, panda baada ya katikati ya Mei baridi ya mwisho ikishapita, halafu miche ikifika urefu wa kiganja rudisha majani katikati ya mistari. Hapo ndo utapenda, Julai magugu hakuna na maji unapunguza. Na konokono unakuwa umewafukuza kabla miche haijatoka.

Kama una vitunguu saumu panda sasa hivi Oktoba na ufunike na hayo majani inchi 4, hivyo vyenyewe vinataka hiyo baridi. Na kama una mti wa tunda, majani yasiguse shina, acha nafasi, panya wa shambani wanajenga humo chini ya theluji wanakula gome pande zote na mti unakufa.

Ingine ya haraka. Usimwache mume apeleke, na msiache yakae barabarani pia. Majani yakilowa kwenye mfereji wa barabara yanatoa fosforasi inaingia kwenye mashimo ya maji ya mvua, na hayo mashimo hayaendi kwa kiwanda cha kusafisha, yanaenda moja kwa moja kwa maziwa yetu na mto Mississippi. Ule ukijani unaona ziwani Agosti hadi mbwa hawaruhusiwi kuogelea, fosforasi iko ndani ya hiyo hadithi. Jimbo lilishazuia mbolea ya fosforasi kwenye nyasi za nyumbani tangu 2005 isipokuwa kwa sababu maalum, lakini majani bado yanateremka kila mwaka. Jani likikaa shambani kwako ni ziwa limepona kidogo. Mimi hii inanigusa kwa sababu watoto wangu walijifunza kuogelea kwa hayo maziwa.

Na kama nyumba ni ya kabla ya 1978 peleka udongo ukapimwe madini ya risasi yanayotoka kwenye rangi za zamani, chuo kikuu cha Minnesota wana maabara. Kabla hujaendelea kulisha watoto.

Papa_Kivu_GR (14 Oktoba)

Jambo mama Neema, jambo wote. Miye niko Grand Rapids, Michigan, natoka Bukavu. Nalima lengalenga (mchicha wenu) na sombe (kisamvu), sombe kwenye ndoo maana winta naziingiza ndani. Nina neno moja la kuongeza na ni neno kubwa: angalia minyoo.

Kuna mnyoo mpya umeingia huku Michigan, Wisconsin, na kwenu Minnesota, wanamwita mnyoo anayeruka. Ukimgusa anajipinda kama nyoka, anaruka, hata anakata mkia wake anakuachia. Yule wa kawaida ana mkanda uliovimba na rangi ni kama ya mwili wake, huyu mkanda wake ni mweupe kama maziwa, laini, hauvimbi, unazunguka mwili wote. Anakula majani yote ya juu haraka sana, na udongo anaouacha ni kama unga wa kahawa uliokwisha kuchemshwa, punje punje, mizizi haina pa kushika, mvua ikija yote inateremka. Kubwa wanakufa na baridi lakini mayai yanapita winta bila shida, ni madogo kama punje ya udongo hauyaoni. Yanasafiri na nini? Na majani ya mifuko ya watu, na mboji ya kupewa, na maua ya kwenye vikopo.

Miye nilikuwa ninaokota mifuko ya mtaa mzima, kila nyumba. Miaka miwili iliyopita nikaona ule udongo wa kahawa pembeni ya uzio, nikalia. Sasa napokea majani ya nyumba tatu tu ambazo najua udongo wao, na yote napitisha kwenye lundo la mboji lenye joto. Joto la kama 40 sentigredi siku tatu linaua yale mayai, na lundo nzuri linafika 55 hata 60.

Lundo langu ni hivi: upana mita moja, urefu mita moja, kwenda juu mita moja, likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto. Ndoo tatu za majani yaliyosagwa, ndoo moja ya kitu kibichi, maganda ya jikoni, nyasi, na kahawa iliyotumika, kuna mkahawa wananipa gunia kila ijumaa. Ninalowesha, mkono ukikamua yatoke matone mawili matatu, basi. Siku ya tatu ukiingiza mkono unauondoa mbio. Siku ya kumi nageuza yale ya nje yaingie ndani, maana pembeni hapana moto na mayai yanaweza kubaki hapo. Novemba asubuhi nikifungua, mvuke unapanda kama sufuria ya bugali. Januari linalala, linakuwa jiwe. April linaamka tena.

dada_wa_ghorofani (14 Oktoba)

Mimi nina kiploti kwenye bustani ya jumuiya tu, sina mashine ya kukatia nyasi na sitanunua kwa ajili ya majani. Nasagaje?

Kihamba_Columbus (14 Oktoba)

Chukua pipa la taka la plastiki, jaza majani makavu nusu, ingiza ile mashine ya kamba ya kukatia nyasi za pembeni, izungushe kama unakoroga uji, dakika moja yamekwisha. Vaa miwani ya kukinga macho. Kama hata hiyo huna ya kuazima, yajaze kwenye gunia yakiwa makavu kabisa ukanyagekanyage, hayatakuwa mazuri sana lakini yatavunjika. Au fuata ya shangazi, mifuko nyeusi na miaka miwili.

Papa Kivu asante, hiyo ya minyoo mimi nilikuwa naichukulia kirahisi. Nitaangalia kwangu.

MamaNeema_StPaul (3 Novemba)

Ndugu zangu nimerudi kutoa ripoti. Kwanza niseme niliposoma ile ya kitoweo cha watoto nilikaa kimya, maana mwezi wa tano mpaka wa saba nilikuwa nalaumu mbegu, dada yangu ndo alizileta kutoka Morogoro, kumbe mbegu za watu hazina kosa.

Jumamosi mbili mfululizo tumefanya kazi. Nilitandika shuka jeupe la zamani gereji nikamwaga mfuko mmoja mmoja naupekua kwa mkono kabla ya kusaga. Mnyoo wa kuruka sikumwona hata mmoja, na jirani kwake nilimwomba ruhusa nikachimba chini ya mepo, udongo wa kawaida, minyoo ya kawaida. Mifuko miwili ambayo sio ya jirani, niliokota kwenye kona ya mtaa, nikakuta vile vijani vingi kwenye kikonyo kimoja na maganda meusi mawili chini kabisa. Niliitoa nje ya ua siku ileile. Vilevile nilitoa kinyesi cha mbwa kimefungwa kwenye mfuko wake wa plastiki, na vipande vya waya wa taa za krismasi.

Mume wangu ndo alishika mashine. Alianza hataki, mfuko wa tano akaniita nje, njoo uone, lundo la mifuko mitano limekuwa toroli moja! Baada ya hapo sikuambiwa tena habari ya kituo cha kaunti. Mepo yote tumetandaza bustanini, inchi 4 nimepima na rula ya Neema ya shule, tukaloweka na mpira wa maji nusu saa, juu tumelaza wavu na tofali kwenye kona. Nimeongeza nyasi za mwisho na samadi ya kuku kidogo ya kununua chini yake. Mwaloni nimeutenga, nimejenga ile duara ya wavu ya Shangazi Rehema nyuma ya gereji, mzima mzima haujasagwa, tumekanyaga na watoto wakiwa ndani wanaruka. Vitunguu saumu nimepanda mistari miwili. Na udongo nimeupeleka kupimwa, nyumba yetu ni ya 1951.

Shangazi, hiyo duara niiache wazi juu au nifunike? Theluji itaingia.

ShangaziRehema_Leicester (3 Novemba)

Hongera mwanangu, na huyo bwana msalimie. Acha wazi, theluji ni maji. Kiangazi ndio uchungulie, ukiona pakavu mwagia. Na usilifungue mwakani ukaona halijawa ukakata tamaa, mwaloni mzima ni miaka miwili, pengine na zaidi.

MamaNeema_StPaul (4 Mei)

Jamani majibu ya udongo yalirudi, risasi ipo kidogo lakini chini ya kiwango cha kutisha, mepesi moyoni. Wamenipa na ushauri wa kiasi cha naitrojeni.

Nilisukuma majani kando tarehe 25 April kama SukumaMpls alivyosema. Juu yalikuwa makavu na rangi ya karatasi, nikajua hakuna kitu, lakini nilipofika chini, kama unene wa kidole ule wa mwisho, yamekuwa meusi na yametobokatoboka, jani limebaki mishipa tu kama wavu wa kuvulia dagaa, na nyuzi nyeupe nyembamba zimeyashona vipande vyote pamoja, ukivuta kimoja vinakuja vitano. Hiyo ndo kuvu yenyewe, eti? Nikaingiza sepetu. Iliingia. Mwaka jana tarehe kama hii nilikuwa naipanda kwa miguu miwili haiingii. Bonge lilitoka likavunjika mkononi, sio lote, chini kwenye inchi tano bado ni mfinyanzi uleule, lakini juu hapa linapukutika, na niliona matundu ya minyoo ambayo sijawahi kuyaona kwenye hiki kipande.

Vitunguu saumu vimechomoza kupitia kwenye majani bila kusaidiwa.

SukumaMpls (4 Mei)

Ndio, hiyo nyeupe ni kuvu, usiiharibu. Usilime sasa, tafadhali! Chana tu juu na reki, fanya mistari, panda. Ukirudi kugeuza hapo na jembe umerudi mwanzo.

MamaNeema_StPaul (22 Juni)

Sikulima. Nilichana mistari tu, mbegu za dada zikaingia tarehe 20 Mei, na nikafuata kile kipimo cha maabara cha naitrojeni, nikakigawa mara mbili. Leo mchicha uko gotini, kijani kile cha kuiva, jani la chini kabisa ni kijani sawa na la juu, nimeinama kuliangalia makusudi. Tumechuma mara ya pili jana, Neema kapeleka bakuli kwa yule mzee jirani, kaupika na vitunguu vyake akarudisha bakuli na swali kama majani ya mwaka huu nayo ninayataka.

Majani nimeyarudisha katikati ya mistari. Yamebaki matoroli mawili na sina pa kuyaweka, Papa Kivu, nikiyalaza kwenye matembele, yale mashina yanayotambaa chini hayataoza?

Papa_Kivu_GR (23 Juni)

Laza mama, hayaozi. Laza kidogo, inchi mbili, na pale shina linapogusa chini acha udongo uonekane ili mizizi mipya ishuke. Na siku ukichuma matembele ya kwanza utuandikie.